Bango Lililovuka Mpaka

Mama yangu mpaka leo hajui mke wa kaka yangu anafanya kazi gani. Majirani wakimuuliza hujibu, "Analipwa kuongea," kisha huongeza kwamba laiti angejua mapema kuna mshahara wa namna hiyo, asingemalizia ujana wake jikoni. Kwa kweli hajakosea sana. Shemeji ni afisa uhusiano wa shirika linalotengeneza miguu ya bandia na kuwapa watu bure katika nchi tatu. Kazi yake ni kuhakikisha kinachosemwa kuhusu watu hao kinaeleweka katika nchi zote tatu, na pia kwa wafadhili walio ng'ambo.

Nimemwona akiifanya. Duka langu la uchapaji liko chini ya ofisi yao, na akichoshwa na kelele za juu huja kukaa juu ya boksi la karatasi na simu zake mbili. Akimpigia mwenzake wa nchi jirani, dakika tano za kwanza ni watoto, mgongo wa mama na mvua. Kazi huja mwishoni, kana kwamba ameikumbuka tu. Akimpigia Mkurugenzi wa makao makuu, anaingia kwenye jambo moja kwa moja, maana yule mama ukimuuliza habari za nyumbani anadhani kuna msiba. Hubadilika hivyo mara kumi kwa siku bila kujikwaa. Mimi humwita Kinyonga. Yeye huniita Wino, kwa sababu ya kucha zangu.

Ana sharti moja ambalo halina mjadala: habari ya mtu haitoki mpaka mwenyewe asomewe, kwa lugha yake, neno kwa neno. Amewahi kupanda ghorofa nne mara mbili kwa siku moja kwa sababu bibi mmoja hakulipenda neno "kikongwe".

Sharti hilo nililivunja mimi. Wiki hiyo Shemeji alikuwa amevuka mpaka kuandaa uzinduzi wa karakana mpya, na makao makuu wakaniletea bango kwa barua pepe, limeshapitishwa, maneno yameshatafsiriwa hukohuko, na linatakiwa haraka. Lilikuwa na picha ya mwanamume amesimama wima, suruali imenyooka kwa pasi, na chini yake maandishi: "Alikuwa ombaomba. Leo anatembea." Nikayaona maneno mazito, nikachapa nakala mia sita. Mia nne zikapakiwa kwenye lori la shirika la kuvuka mpaka, na lori likapishana njiani na Shemeji akirudi. Mimi ni mchapaji, nachapa ninacholetewa. Ndivyo nilivyojiambia, na ni maneno ya kijinga.

Alipoingia dukani alilikuta moja nimelibandika ukutani kwa kujisifu. Hakupiga kelele. "Wino," alisema, "huyu ni fundi cherehani. Miaka kumi na minane ameshona kwa mguu mmoja. Hajawahi kumwomba mtu hata uzi."

Ubaya haukuishia hapo. Binti wa fundi alikuwa ameposwa na familia ya upande wa pili wa mpaka, na ukuta wa kwanza kupata bango ulikuwa wa zahanati iliyo jirani nao. Siku hiyohiyo baba wa mchumba alipiga simu nyumbani kwa fundi, kwa upole sana, kuuliza kama bango linasema kweli, maana wao waliambiwa mzee ana kazi yake. Mabango yalibanduliwa haraka, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Waliosoma walishasoma, na ile posa ikabaki inaning'inia.

Mkurugenzi, nimpe haki yake, hakujificha. Ndani ya saa mbili alikuwa ametuma taarifa ya kuomba radhi, ukurasa mzima, isomwe redioni na ichapwe magazetini katika nchi zote tatu. Shemeji akaizuia. Nilikuwepo, nikasikia alivyojiamini. Alimwambia kwamba huku kwetu mtu haombwi radhi gazetini, na kumtangaza fundi tena ni kumvua nguo mara ya pili. Apande ndege, aje, akae kwake, aseme kwa mdomo wake. Mkurugenzi akamuuliza kama ana uhakika. Akajibu kwamba hawa ni watu wake, anawajua, na ikiwa amekosea ataandika mwenyewe barua ya kuacha kazi. Na mimi pale pembeni nikaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeulizwa.

Siku ya nne Mkurugenzi akatua, tukaenda kwa fundi watatu. Fundi anafanyia kazi chumba cha mbele cha nyumba yake: meza ya kukatia, mikasi mizito, vitambaa vimekunjwa hadi karibu na dari, na cherehani chini ya dirisha. Mguu wa bandia ulikuwa ukikanyaga pedali sawasawa na mwenzake. Binti yake alikuwa pembeni akishona vifungo. Alitusalimu, akarudisha macho kwenye sindano. Mkurugenzi alikaa kwenye stuli, magoti yamepanda juu, akaomba radhi vizuri, Shemeji akitafsiri. Alisema kosa ni la ofisi yake. Akasema pia kwamba alikuwa na taarifa ya kutangaza, ila alishauriwa kuwa fundi angependa mambo yaishe kimyakimya.

Fundi akasimamisha cherehani. "Nani alimshauri?"

Shemeji alilitafsiri swali kwanza, kwa sababu kazi ni kazi. Kisha akajibu kwa lugha zote mbili. "Mimi."

"Basi mwambie hivi, na usipunguze," fundi alisema. "Nashukuru amekuja. Lakini aliniita ombaomba barabarani, anakuja kuniomba radhi chumbani. Humu chumbani nani asiyejua mimi ni nani? Na mwambie wewe uliyemzuia umenikosea kuliko yeye. Yeye hanijui. Wewe unanijua, na hukuniuliza."

Mkurugenzi hajui Kiswahili hata cha kuombea maji. Shemeji angeweza kumwambia kwamba fundi anashukuru sana, tukaagana, tukaondoka, na kibarua chake kikabaki salama. Nilimtazama nikitamani afanye hivyo, Mungu anisamehe. Aligeuka, akatafsiri yote. Lugha ile naielewa kiasi cha kusomea mabango, na nakwambia hakupunguza hata neno. Pale pa "wewe uliyemzuia" alijigusa kifuani ili Mkurugenzi asikosee anayesemwa ni nani. Kinyozi hajinyoi. Mwanamke anayemsomea kila mtu habari zake, safari hii alikuwa na uhakika mno hata hakuona haja ya kuuliza. Nilimwonea huruma, na papo hapo nikaona fahari kuwa shemeji yake.

Mkurugenzi akafungua mkoba, akatoa ile taarifa. Shemeji akaisoma polepole. Alipofika "tunasikitika iwapo kuna mtu yeyote aliyeumizwa", fundi aliinua kipande chake cha chaki.

"Iwapo ya nini? Aliyeumizwa si huyu hapa? Toa hiyo."

Ikatolewa. Zikafuata "changamoto za mawasiliano", halafu "mnufaika", neno ambalo shirika zima linaishi kwalo. Badala yake aliagiza iwekwe kazi yake, miaka yake ya kazi na mtaa lilipo duka, maana biashara haikatai tangazo. Ukurasa mzima ukabaki mistari sita. Sijawahi kuchapa taarifa iliyonyooka kama ile.

Shemeji aliiandika barua yake kama alivyoahidi, akampelekea Mkurugenzi hotelini. Ilirudi na mstari mmoja wa kalamu chini yake: kikao cha bango jipya kesho saa mbili asubuhi, usichelewe. Mama alipopata habari alisema alijua tu, watampata wapi mwingine wa kuongea kiasi hicho. Shemeji hakucheka. Alirudi kwa fundi peke yake, na waliyozungumza hajanieleza mpaka leo.

Taarifa ilisomwa Alhamisi, mara baada ya habari za mchana. Fundi alikuwa ametuita, mimi na Shemeji, tukaisikilizie kwake. Redio ilikuwa juu ya meza ya kukatia, na yeye aliendelea kushona kana kwamba haimhusu. Mtangazaji alipotamka jina lake na kazi yake, binti aliweka sindano chini, akachukua simu, akapiga kwa kina mchumba wake, upande wa pili wa mpaka.

"Fungulieni redio," alisema. "Wanamtaja baba yangu."