Sufuria ya Wifi Alfhild

Wifi yangu Alfhild alikuwa mfupi, sauti kubwa, na hakuna kazi ya mtu mwingine aliyoiona asiikosoe. Nilikaa naye nyumba moja miaka ishirini na sita, yeye na kaka yangu Evert chini, mimi na cherehani yangu juu, na sikumbuki wiki hata moja iliyokwisha bila sisi wawili kurushiana maneno. Sasa hayupo. Ikifika Jumapili ya kwanza ya Adventi, wiki nne kabla ya Krismasi, najikuta nimesimama kwenye ngazi nikingoja harufu ya iliki na karafuu ipande kutoka jikoni kwake. Haipandi, nami namkumbuka mpaka nakasirika.

Baba yake alikuwa mchoma mkaa. Alfhild mwenyewe alipotimiza miaka kumi na minne akaanza kupanga mbao kwenye kiwanda cha hapa kwetu kando ya mto, na alipotimiza ishirini na mbili akaolewa na Evert, mpasua mbao hodari na mlevi hodari zaidi. Nasema hivyo kwa sababu ni kaka yangu na nina haki. Mwezi wa tatu mwaka 1951 Evert alianguka njiani akitoka kunywa, akalala kwenye theluji, na vidole viwili vya mguu wa kushoto vikakatwa. Alipotoka hospitali alisema, basi. Ikawa basi.

Shida ilikuja Krismasi. Huku kwetu, tangu Adventi mpaka mwaka mpya, huvuki kizingiti cha mtu bila kushikishwa kikombe cha glögg ya moto, na siku hizo glögg ya watu wazima ilikuwa divai nyekundu na viungo, juu yake pombe kali. Tulialikwa kwa Helmer, mnoa misumeno wa kiwandani, rafiki yake Evert wa siku nyingi. Wanaume wakapewa vikombe vyao. Evert akapewa juisi ya watoto, ndani ya glasi yenye picha ya paka. Hakuna aliyekusudia ubaya, na hilo ndilo lililouma zaidi. Aliinywa yote akashukuru, na njiani akamwambia mkewe, "Sitaingia tena nyumba ya mtu Krismasi."

"Basi wataingia kwetu," alisema Alfhild.

Mwaka wa kwanza glögg yake ilikuwa na ladha ya dawa ya kikohozi. Nilimwambia hivyo, naye hakusema nami mpaka siku ya tatu. Mwaka wa pili alizidisha karafuu, ndimi zikafa ganzi. Wengine walikuwa na kazi rahisi, maana viungo vikilowekwa wiki mbili kwenye pombe kali vinatoa kila kitu vilicho nacho. Alfhild alikuwa na juisi tu, na ukaidi. Alianza kuanika maganda ya danzi juu ya jiko, kwanza ameyakwangua ule weupe wa ndani kwa kisu kidogo mpaka yakawa membamba ya kuona mwanga. Iliki aliitwanga mwenyewe, hakuiamini ya kununua imesagwa. Jumamosi alipasha juisi ya beri nyeusi za bustani yetu, akatia mdalasini, tangawizi kavu, karafuu kumi na mbili na si kumi na tatu, akafunika akaacha mpaka kesho yake. Jumapili alichuja na kupasha tena polepole. Ole wako uiache ichemke! Ndani ya kila kikombe alitia zabibu kavu na lozi tatu zilizomenywa, na kijiko kidogo cha kuzitolea.

Mwaka wa nne Helmer aliomba kikombe cha pili bila kubembelezwa. Mwaka wa tano watu walikuwa wanajialika wenyewe, saa tisa alasiri, saa ambayo huku kwetu wakati wa baridi giza huanza kuingia, na nyota ya karatasi yenye taa ndani imewaka dirishani. Kikombe cha kwanza kilikuwa cha Evert. Alikunywa mbele ya wote, akasema, "Ndiyo yenyewe," na hapo ndipo wengine walimiminiwa. Ungemwona kaka yangu siku hizo! Alisimama katikati ya wenzake amenyooka, kikombe mkononi, anasimulia uongo wake wa uvuvi.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Agosti ya mwaka 1958 Alfhild alikwenda kumuuguza mama yake, na beri zikiiva hazingoji mtu. Aliniachia karatasi: sukari kilo moja kwa kila lita mbili za juisi, chupa zichemshwe, zikapangwe kwenye kona ya baridi chini ya nyumba. Mimi nilikuwa na maoni yangu kuhusu sukari. Nikatia nusu. Chupa nilizisuuza kwa maji ya moto nikaona yatosha, na kona ya baridi ilikuwa mbali, basi nikazipanga karibu na tanuri jipya la kupashia nyumba. Oktoba nilisikia kizibo kimoja kikifyatuka. Nilishuka, nikapangusa sakafu, nikanyamaza.

Wiki ya Adventi Alfhild alishikwa na mafua makali. Jumamosi alipika vilevile, macho yanamchuruzika, hasikii ladha wala harufu. Alipima kwa mkono, kama mtu anayefuma gizani. Jumapili asubuhi alijifunga skafu akaenda kanisani, kwa sababu Jumapili ile hata wasioamini huenda. Mimi nilibaki kumalizia gauni la mtu. Saa nne nikashuka kutafuta kahawa, na katikati ya ngazi nikasimama. Ilikuwa iliki, ilikuwa karafuu, na chini yake kulikuwa na kitu kingine. Kitu hicho nilikizoea tangu utotoni. Baba yetu alikuwa anarudi nacho nyumbani.

Evert alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya jiko, kifuniko cha sufuria magotini, upawa mkononi. Niliutazama upawa kwanza, Mungu anisamehe. Ulikuwa mkavu.

"Umeisikia?" aliniuliza.

"Tangu kwenye ngazi."

"Mimi tangu jana jioni."

"Tangu jana! Na hukusema?"

"Nilikuwa nafikiri," alisema, bila kunitazama. "Saa tisa watu watakuja. Alfhild atanimiminia kikombe cha kwanza, mbele ya wote. Nitakunywa. Nani atanilaumu? Nimepewa na mke wangu mwenyewe, sikujua, masikini. Miaka saba, Dagny, na kikombe kinanijia chenyewe, hakina hata dhambi."

"Na cha pili, kaka?"

"Ndiyo hapo. Nimekwama kwenye cha pili tangu alfajiri."

Nilijua beri ni zangu, sukari ni yangu, tanuri ni langu. Nikashika sufuria niimwage kwenye sinki.

"Acha," alisema. "Ukiimwaga wewe, nitakuwa nimeokolewa na fundi cherehani. Mwenye sufuria arudi."

Basi tulikaa. Saa nzima na robo tulikaa jikoni, sufuria imefunguliwa, mimi nikiomba kanisani waruke beti kadhaa za nyimbo. Evert alikuwa anazungusha upawa vidoleni, anaugeuza huku na huku. Mara mbili alisimama, mara mbili akakaa.

Alfhild aliingia pua imewiva. Evert akasimama mara ya tatu.

"Alfhild, glögg imechacha. Imekuwa pombe. Nimejua tangu jana, na sikukwambia kwa sababu nilitaka kuinywa."

Alimtazama. Akatazama sufuria. Nilitegemea ataniita ninuse, maana yeye hakuwa na pua siku ile, na mtu aliyekaa na sufuria ya pombe tangu asubuhi si wa kuaminiwa hivi hivi. Hakuniita. Aliweka kitabu cha nyimbo mezani na hata koti hakuvua.

"Shika mpini wa huko," alimwambia.

Wakaibeba pamoja mpaka nyuma ya banda la kuni. Niliwaona dirishani wakiinamisha sufuria, na theluji ikageuka zambarau. Kisha Alfhild alirudi, na hapo ilikuwa zamu yangu.

"Wifi, sukari ulitia kiasi gani?"

"Ya kutosha."

"Ya kumtosha nani?"

"Nusu."

"Nusu! Si nilikuandikia kwa mkono wangu?"

"Mwandiko wako mbaya."

"Wewe hata ungeandikiwa na malaika ungempunguzia! Kila kitu unakijua, Dagny, kila kitu, ila kufanya ulichoambiwa!"

Nililia. Si kwa ajili ya sukari. Alinitazama kidogo, akanitupia taulo la vyombo, akasema nikimaliza kutiririka nikalete chupa za lingon. Hizo ni beri nyekundu za msituni, kali kama ndimu, na hazichachi hata ukizisahau ndani ya pipa. Alizipika na juisi ya tufaha ya jirani, viungo vikakaa saa mbili tu badala ya usiku kucha. Saa tisa watu wakaingia. Kikombe cha kwanza kikaenda kwa Evert. Alikunywa, uso ukamkunjamana wote, akasema, "Ndiyo yenyewe."

Helmer akaonja. "Lo, shemeji! Mwaka huu umetupikia siki?"

"Kunywa, shemeji. Itakupunguza tumbo."

"Hivi umekosana na sukari?"

"Mimi hapana," alisema Alfhild, na hakunitazama. Ndivyo alivyokuwa. Angenichana jikoni mpaka nikose pa kujificha, lakini mbele ya watu hakunitaja, si siku ile wala miaka yote iliyofuata. Evert alimaliza vikombe vitatu, na kila kimoja alikunja uso vilevile.

Watu walipoondoka tulibaki na vyombo. Alfhild aliosha, Evert alikausha, mimi nikafagia maganda ya lozi. Evert alikuwa na kikombe kimoja mkononi, anakikausha ndani na nje, ndani na nje, kilishakauka zamani.

"Hukumwita Dagny anuse," alisema mwishowe. "Ungejuaje kama sijainywa nusu yake?"

Alfhild hakuacha kuosha.

"Miaka saba," alisema, "kila ukirudi kutoka kazini nakupokea koti mlangoni. Unajua kwa nini?"

"Unanusa mdomo wangu."

"Ulikuwa unajua?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Basi mafua haya yameanza Jumatano. Tangu Jumatano nakupokea koti na sisikii kitu, hata kitunguu. Siku nne, Evert, sijui umekunywa nini. Na kila usiku nimelala. Nimelala usingizi mzito, mpaka nikajishangaa mwenyewe."

Kaka yangu, ambaye hakulia hata siku ile ya vidole, alilia kwa sauti, ameshika ukingo wa beseni. Alfhild alimwacha alie, akaendelea na vikombe vyake. Mimi nikaegemeza ufagio ukutani, nikapanda juu bila kuaga.

Kesho yake jioni nilisikia mlango wa chini ukifunguliwa. Alfhild alikuwa jikoni anakohoa, na huko akabaki. Evert alilitundika koti lake mwenyewe.