Pembe ya Kushoto ya Padri

Kila theluji ilipoanza kuyeyuka kwenye mteremko wa kusini, Notburga alivaa viatu vya marehemu mumewe, akajaza soksi nene ili vimkae, akaenda msituni kuokota pembe. Binti yake aliyeolewa mjini alikuwa amemletea viatu vipya vya ngozi, lakini vilikaa kabatini na karatasi zake. Watu wa bonde walisema Mama Burga ana kichwa kigumu kuliko jiwe la kunolea, na hawakumsingizia.

Kuokota pembe ni kazi ya jicho na subira. Kulungu dume huziangusha mwishoni mwa baridi, moja hapa leo, ya pili kesho au keshokutwa upande mwingine kabisa wa mlima, kisha huanza kuota nyingine. Mumewe, Romed, ambaye tangu ujana alikuwa mlinzi wa kitalu cha uwindaji cha bonde lile, ndiye aliyemfundisha. Usiingie vichakani madume yakiwa bado yamejibanza humo, maana ukimkimbiza mnyama mwenye njaa kwenye theluji, umemuua. Tazama chini ya ua wa malisho anaouruka, pale mtikisiko unapoing'oa pembe iliyolegea. Na uwahi, kabla panya na mbweha hawajaitafuna. Katika ndoa yao hawakuwa watu wa maneno mengi. Walitembea kila mmoja na upande wake, na aliyeona kwanza alipiga mluzi. Burga aliwahi kumwambia binti yake kwamba mluzi ule ndio ulikuwa mahaba yao, na hakuwa anatania.

Miongoni mwa madume ya mlima ule lilikuwako moja ambalo Romed aliliita Padri, kwa sababu halikufika horini, penye nyasi za kuwalishia wanyama wakati wa baridi, mpaka wengine wote wawe wametulia, kama padri anayengoja waumini wakae. Pembe zake walizipanga ukutani sebuleni, jozi juu ya jozi, kuanzia vijiti vya ujana hadi zile nene zenye matawi mengi ambazo mgeni alizishika kwa mikono miwili. Kisheria zilikuwa mali ya mwenye kitalu, tajiri mmoja wa mjini aliyetengeneza milango. Yeye alimwachia mlinzi wake jozi za Padri, ilimradi aonyeshwe kwanza. Ila alikuwa amesema jambo moja waziwazi: mwaka ambao pembe za Padri zitapungua badala ya kuongezeka, dume hilo litakuwa limeiva, na atalipiga risasi yeye mwenyewe msimu ukifunguliwa. Hakuna aliyemwona mbaya kwa hilo. Ndiyo desturi ya kule, dume haliguswi mpaka lizeeke, na pembe zilizoanguka ndizo shahidi wa uzee.

Romed alikufa wakati majani yanapukutika. Kiharusi kilikuwa kimemlaza muda mrefu, na mwishoni hakuweza kumeza. Burga alimlisha uji kwa kijiko, kisha akauondoa shavuni mwake kwa kidole ili usimpalie. Hilo hakumsimulia mtu. Kassian, kijana aliyefunzwa kazi na Romed na sasa ndiye mlinzi, alimwachia kazi ya kulisha wanyama majira ya baridi, na Burga akavuta nyasi kavu hadi horini kila siku, theluji ikimfika magotini. Padri alikuja wa mwisho, kama kawaida yake. Burga alizungumza naye kwa sauti ya chini, akampa habari za nyumbani.

Theluji ilipoyeyuka aliipata pembe ya kushoto chini ya msonobari, imelala kwenye majani makavu. Aliijua kabla ya kuiinua, na alipoiinua moyo ukamshuka. Ilikuwa nyepesi. Matawi ya juu yalikuwa yamekuwa vishina vifupi, na mti wenyewe wa pembe umekonda kama mkono wa mgonjwa. Alikaa chini palepale kwenye maji ya theluji, akalia kilio ambacho kwenye mazishi hakikutoka. Kisha akaifunga ndani ya koti lake, akapita njia ya nyuma ya kanisa asikutane na mtu, akaificha chini ya unga kwenye kasha.

Jioni Kassian alipita kuuliza kama Padri ameangusha.

"Ameangusha, maana nimemwona kichwa kitupu," Burga alisema. "Lakini pembe sijaiona. Labda panya wamenitangulia."

Kassian alijikuna shingo, akatazama dirishani. "Hata mimi sijaona kitu, Mama Burga. Basi mwaka huu panya wameshiba."

Siku zilizofuata alimwona Kassian akipanda na kushuka mlimani, naye akaendelea kupanda na kushuka, akiitafuta ya kulia ili aifiche pamoja na mwenzake. Hakuipata. Majira ya joto yakaja, mwenye kitalu naye akaja na darubini yake. Padri alikuwa ameota pembe mpya, na kwa mbali, kati ya miti, haikuwa rahisi kusema zimepungua au la. Tajiri alisema hawezi kumpiga mnyama bila shahidi, akaahirisha hadi mwakani. Burga alirudi nyumbani akapika matonge ya mkate na nyama ya kukausha, akala kwa hamu kwa mara ya kwanza tangu msiba. Alijiona ameshinda.

Wahenga wana neno lao, mficha maradhi kifo humuumbua. Theluji ya mwaka ule iliwahi, na horini Burga akaanza kuokota vitu vya ajabu: madonge ya nyasi, yamelowa mate, yamesokotwa lakini hayajatafunwa. Mwanzoni alijifanya haelewi. Siku moja akajificha nyuma ya banda akatazama. Padri alifika wengine walipotulia, akachota nyasi, akazungusha taya muda mrefu, kisha donge likamdondoka mdomoni. Akachota tena. Likadondoka tena. Mbavu zake zilihesabika. Hori lilikuwa limejaa, na yeye alikuwa anakufa njaa mbele yake. Burga aliliokota donge likiwa bado na joto, na kidole chake kikakumbuka shavu la Romed.

Hakulala vizuri usiku ule. Asubuhi alikung'uta unga, akaibeba pembe waziwazi katikati ya barabara hadi kwa Kassian, akaiweka mezani karibu na kikombe chake cha kahawa.

"Niliipata tangu theluji ya baridi iliyopita ilipoyeyuka," alisema. "Nilikudanganya."

Kassian hakumtazama. Alisimama, akatoka hadi bandani, na aliporudi alikuwa na kitu kilichofungwa kwenye gunia. Alikifungua taratibu. Ilikuwa pembe ya kulia.

"Ilikuwa chini ya ua wa juu," alisema. "Niliiona kabla hata sijaja kukuuliza. Nikasema moyoni, Romed ameondoka, na huyu naye aondoke mwaka uleule? Mama Burga atampelekea nani nyasi?"

Burga aliziweka pamoja mezani. Zililingana, nyembamba zote mbili, kila kishina na mwenzake.

"Angepigwa wakati ule angali amenona," Kassian alisema. "Risasi moja. Asingejua kitu."

"Najua, mwanangu."

"Tumemwonea huruma, akalipa yeye."

Msimu ulikuwa umefungwa, kwa hiyo Kassian alimpigia simu mwenye kitalu, akamweleza yote bila kupunguza, ya kwake na ya Burga. Yule tajiri akasema ruhusa ataiomba yeye, wala hahitaji kuwepo, risasi aipige mtu mwenye uchungu na mnyama yule. Ruhusa ikapatikana mchana uleule.

Burga alivuta nyasi kama siku zote, ili Padri asishtuke. Alimsubiri hadi akafika, wa mwisho. Akamwambia maneno yake ya kila siku, akaondoka kwa mwendo uleule, bila kugeuka. Mlio wa bunduki ulimkuta kwenye daraja. Hapo ndipo alipogeuka, akarudi.

Kassian alikuwa amevua kofia, na mkononi alikuwa na kijitawi cha msonobari. Huko mnyama aliyepigwa hutiliwa tawi mdomoni, nalo huitwa tonge la mwisho. Burga alinyoosha mkono.

"Nipe mimi."

Alipiga magoti kwenye theluji, akaufungua ule mdomo. Kidole chake kilipita kwenye ufizi, na nyuma, pale penye kazi ya kutafuna, hakikugusa ila mabaki laini ya meno yaliyosagika. Akakitazama kijitawi, akakitupa, maana kilikuwa kigumu. Akaenda kwenye mche mdogo kando ya hori, akachuma ncha changa kabisa, akaisugua kati ya viganja vyake mpaka ikalainika, ndipo akamtilia.