Taa ya Saa Sita Mchana

Kwa miaka kadhaa niliishi kwa kuchora ramani za nyumba za kupangisha. Ofisi yangu ilikuwa chumba kimoja Thika mjini, juu ya duka la vitambaa, na wateja wangu wengi walikuwa na viwanja vidogo Ruiru, upande wa Kamakis. Wote walitaka vyumba vingi kadiri kiwanja kinavyoweza kubeba.

Mmoja wao alikuwa mwalimu mstaafu. Nilimchorea nyumba ya ghorofa nne yenye uwazi katikati, kutoka chini mpaka paani, ili vyumba vya ndani vipate hewa na mwanga. Aliweka kidole kwenye ule uwazi akaniuliza kama hewa inalipa kodi. Nilipojaribu kumweleza, hakubishana. Alisema tu kwamba Thika ina wachoraji wengi. Nikaufuta, na mahali pake nikachora vyumba.

Nyumba ikajengwa, nami nikaisahau. Kisha dada yangu akapata kazi kiwandani Ruiru, akajitafutia chumba mwenyewe. Jumamosi niliyokwenda kumwona, nilifika getini nikaitambua nyumba ya mwalimu. Chumba chake kilikuwa chini, ndani kabisa, pale pale nilipoufuta uwazi.

Ilikuwa saa sita mchana na taa ilikuwa inawaka. Alikuwa akipakua githeri stima ikapotea. Sikuuona hata mkono wangu. Yeye aliwasha tochi ya simu, akaiegemeza kwenye sufuria, akaendelea kupakua kama mtu aliyezoea. Ukuta niliouegemea ulikuwa na unyevu.

Nikamwambia, "Hii nyumba niliichora mimi."

"Ulipokuwa ukichora hiki chumba," akauliza, "ulikuwa ukimfikiria nani?"

Niliiweka sahani chini bila kuigusa.

Tangu siku hiyo sikutulia. Nilikuwa nikiketi ofisini, nainuka, nashuka barabarani kutazama kuta. Niliona majengo ya vioo yaliyoelekezwa kwenye jua la jioni, ndani watu wakijipepea kwa faili. Niliona mvua ya paa zima ikimwagika mtaroni, na wapangaji wa paa hilo hilo wakinunua maji ya mkokoteni. Mambo haya nilifundishwa chuoni wiki za mwanzo kabisa: tumia jua na upepo kwanza, kinga maji yako, jenga kwa ajili ya atakayekaa ndani. Niliyajua hata siku ile nilipoushika ufutio.

Nikarudi kwa mwalimu. Nilimwomba tubomoe kuta za ncha mbili za korido kila ghorofa, tuweke matofali ya matundu, na juu ya kila mlango tufungue nafasi ya hewa. Alikataa. Nikamwomba basi aje tu akae kwa dada yangu mchana mmoja, mlango ukiwa umefungwa. Nadhani alikuja ili nimwondokee.

Dada alimkaribisha chai, akazima taa. Tulikaa watatu gizani. Nilisikia mwalimu akihema, kiti kikilia kila alipojigeuza. Hatimaye aliinuka, akapapasa ukuta mpaka akaupata mlango.

"Anza na korido," akasema, akijipangusa shingo.

Tulibomoa ndani ya wiki mbili. Upepo ukapita, kuta za korido zikakauka, na wapangaji wakaanza kuacha milango wazi nyuma ya mapazia. Lakini chumba cha dada kiliendelea kuhitaji taa mchana. Uwazi niliofuta haukuweza kurudi, kwa maana nguzo za ghorofa zote zilikuwa zimesimama mahali pake.

Siku hizi uwazi siufuti. Wateja wengine wamenihama, na bado nazungukia nyumba zangu za zamani, nikipiga hodi kwa wenye nyumba. Wachache hunisikiliza.

Mwaka uliofuata dada alipata chumba cha juu chenye dirisha. Nilipokuwa nikimsaidia kuhamisha vitu, mama mmoja mwenye mtoto mchanga alikuwa tayari amesimama kwenye korido na godoro lake, akisubiri tumalize kutoa ili aingie.