Nilisaini king'ora kikatwe, simu zikalia ndani ya sanduku

Wakuu, hamjambo. Kuna fomu moja nilisaini ambayo ningekataa, hata kama ningefutwa kazi siku hiyo hiyo. Haya ni ya kweli, yalinipata mimi. Jina la kambi nitabaki nalo.

Mimi ni raia, lakini nilifanya kazi ya simu kwenye kambi moja ya jeshi upande wa Gilgil mpaka nywele zikawa nyeupe. Kukiwa na hatari, nilibonyeza king'ora. Kililia hadi wachoma nyama wa Kikopey, kule barabara kuu, wakainua vichwa.

Kisha ikaletwa system mpya. Kitufe kimoja tu, kila mtu anapata message na simu yake inalia. Kitu kizuri, siwezi kudanganya.

Afisa kijana aliyeisimamia, mgeni kambini, akaniwekea fomu mezani. Ilisema nimehakikisha alert inafika kila mahali, kwa hivyo waya za king'ora zikatwe.

Nikauliza, "Na store ya mafuta, afande?"

"Mzee, wewe na hicho king'ora mmeoana?"

Ofisi ikacheka. Nikaona aibu kuonekana mtu wa zamani. Nikasaini.

Na nilijua. Store ya mafuta haiingiwi na simu, kwa kuogopa moto. Kila anayeingia anaacha yake kwa sanduku la mbao pale mlangoni kwa sentry, askari wa zamu. Hata Kamau, mdogo wa mke wangu, niliyemtafutia kazi hapo mimi mwenyewe, aliiacha kila asubuhi.

Siku moja, saa nne asubuhi, nikaona moshi nyuma ya store. Nikabonyeza.

Screen ikawa kijani kwa kila jina. Kamau: imefika.

Imefika wapi?

Nikakimbia na magoti haya mabovu. Kabla sijafika nikazisikia. Simu zote zinalia pamoja ndani ya sanduku, ya Kamau ikiimba pambio lake la kanisa. Sentry analiangalia sanduku, ananiangalia mimi.

"Mzee, hii ni drill?"

"Toa watu! Toa watu ndani!"

Wakatoka wawili wakikohoa. Kamau alikuwa nyuma kabisa, akipanga mapipa. Nikamwita. Moto ukanijibu.

Mpaka leo simu ikilia karibu nami, nainuka na kuondoka. Yangu naiweka kimya.

System siilaumu. Baadaye waliweka kengele na taa ndani ya store, na inafanya kazi. Ila ukiletewa karatasi na unajua shimo liko wapi, sema, wacheke mpaka wachoke.

Mlio kwenye kazi kama hizi, niambieni hapa chini: wanaoacha simu nje, kwenu wanaitwa vipi kukiwa na hatari?

Mimi niliogopa kuchekwa. Kamau alikufa. Baada ya mazishi mke wangu alibaki kwao Olenguruone, na hajarudi.