Kengele ya Adey

Bishar alikuwa bawabu wa shule ya muziki kule Galbet, na kazi ilimfaa kwa sababu kelele hazikumsumbua. Watoto ishirini na wawili walijazana kwenye ukumbi wa mabati wakipiga magitaa ya umeme, Mwalimu Abdow akiwafundisha ule muziki wa roki. Akina mama wa jirani walisema ni kama jenereta ya kisima iliyomeza ngamia. Bishar aliketi getini na chupa yake ya chai ya maziwa. Jua likimpata upande huu, alihamisha kiti upande ule. Siku ikiisha, imeisha.

Zamani hakuwa hivyo. Alizaliwa upande wa Hulugho, akachunga ngamia miaka arobaini na kitu, mpaka ukame mrefu ukawalaza mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa Adey, jike jeupe, kiongozi wa kundi. Bishar alimvua kengele shingoni, koor ya mti aliyoichonga mwenyewe, akaisokomezea kitambaa ndani isilie. Ndivyo wachungaji wanavyofanya wakipita mahali pa hatari, kengele inazibwa mdomo mpaka kundi livuke. Basi akaiziba, akapanda lori kuja Garissa kwa binti yake Habibo. Hakulia. Watu walimpa pole, naye alizipokea vile mtu anavyomshikia mwenzake mzigo kidogo. Tangu hapo alijiona kama mguu uliolaliwa, upo ila huusikii.

Kitambaa hakukitoa. Kengele ilining'inia msumarini kwenye kibanda cha getini, imenyamaza, na watu walidhani ni pambo. Sababu yake hakumwambia mtu. Aliogopa ataitikisa na ndani ya moyo wake kusitikisike chochote, na hapo atajua kwamba Adey amekwisha kabisa, na yeye pamoja naye. Ikiwa imezibwa, angalau hakuna aliyejua.

Ndipo akaja Khadra, binti wa Wajir, na kamera yake. Alikuwa anatengeneza filamu kuhusu shule hiyo, filamu ya mambo ya kweli, si ya kuigiza. Alikaa wiki tatu. Mpiga ngoma wa watoto alikuwa Iftin, mtoto wa Habibo, miaka kumi, na wimbo wao mpya ulikuwa unadai mlio mmoja mkavu ambao ngoma zake hazikuwa nao. Iftin akaikumbuka kengele ya babu. Mwalimu Abdow akaja kuomba kwa adabu, akimwita ami kwa Kisomali, Adeer Bishar hivi, Adeer Bishar vile, na Khadra nyuma yake. Bishar akakataa. Kesho yake wakarudi, akakataa tena. Ngamia hayupo, alisema, kengele ya nini.

Siku ya tatu Iftin alikuja peke yake, bila kamera, akaketi chini.

"Awoowe, unaogopa nitaivunja?"

"Siogopi hilo."

"Basi unaogopa nini?"

Swali hilo hakuwahi kuulizwa na mtu. Aliliwaza mpaka chai ikapoa.

"Naogopa italia, na mimi nisisikie kitu."

Iftin alijikuna goti. "Mimi nitakuangalia," alisema. "Ukisikia, nitakuambia."

Bishar aliitungua kengele akampa na kitambaa chake ndani. Mtoto alikivuta mwenyewe. Likadondoka vumbi, na nywele chache nyeupe.

Siku waliyorekodi, Bishar alikwenda sokoni kununua majani ya chai ambayo tayari alikuwa nayo.

Miezi minne baadaye Khadra alirudi na filamu. Waliionyesha ukumbini baada ya sala ya alasiri, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Bishar aliketi karibu na mlango, Iftin kando yake. Akajiona ukutani akihamisha kiti, na watu wakacheka. Jirani yao Ramlo akasema kumbe mzee huwa anatembea. Kisha wimbo ukaanza. Magitaa yakanguruma, yakanyamaza yote kwa mpigo mmoja, na Iftin wa ukutani akaigonga kengele: ko, ko-ko, ko.

Bishar akangoja. Alijipapasa ndani vile mtu anavyopapasa funguo mfukoni. Hapakuwa na kitu. Ule ulikuwa mti tu unaogongwa, na Adey alikuwa amekufa.

Mara mwanga ukaingia ukumbini, watu wakakinga macho. Mlango ulikuwa wazi. Nje, Bishar alikuwa amefungua geti, mbawa zote mbili, akaondoa hata jiwe la njiani. Amesimama kando, mkono umeinuka kidogo, pale mchungaji anaposimama kuhesabu ngamia wakirudi zizini. Barabarani palikuwa na tuktuk moja tu, na dereva wake akiuliza kama aingie.

Bishar hakukumbuka alivyoinuka.

Iftin akamfuata, akasimama karibu naye.

"Umemfungulia nani, Awoowe?"

Aliitazama mikono yake. "Sijui."

"Ulisikia," mtoto alisema. "Nilikuwa nakuangalia. Ilipolia tu, uliinuka."

Bishar hakubisha. Wala hakuona tofauti yoyote ndani yake, labda baridi kidogo vidoleni. Alimpungia dereva apite zake. Kisha akabaki pale pale, mkono bado juu, mpaka kengele ilipokoma kule ndani, ndipo akafunga geti, ubawa mmoja, halafu wa pili.