Nianzie Mwanzo

Asubuhi hizi simu ya binti yangu ndiyo inayoniamsha. Sauti ya mwanamke nisiyemjua inatamka neno la Kiingereza kutoka chumba cha pili, inaeleza maana yake, inataja visawe viwili vitatu, kisha inatoa sentensi ya mfano. Binti anarudia mara moja, anabonyeza, linakuja jingine. Amejilaza kitandani, hatikisi hata kidole. Mimi niliye jikoni ndiye ninayeanza kuyumba na mwiko wangu, mbele nyuma, mbele nyuma, mpaka uji ufurike ndipo nishtuke.

Msinicheke. Mimi maneno ya aina ile yaliniingia kwa kuyumba.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba pale Makorora, na kama mjuavyo, mtoto wa shule zetu husoma kwa Kiswahili miaka yote hiyo, halafu anafika sekondari anakuta kila kitu kimegeuka Kiingereza, hata hesabu. Kulikuwa na shule ya bweni huko milimani Lushoto iliyochukua wasichana kwa usaili. Mama akaniandikisha. Akanipeleka pia twisheni kwa Mwalimu Hiza, Mbondei mmoja mpole aliyekuwa akifundisha nyuma ya nyumba yake. Kila jioni alituandikia maneno magumu ubaoni, kwa mpango wa alfabeti: neno, maana, visawe. Sentensi tulitakiwa tujitungie.

"Msiniletee sentensi ya kitabuni," alisema. "Nataka sentensi iliyotoka kwenu nyumbani."

Mimi sentensi nilizipuuza. Sikuwa mtoto wa kukaa na kuwaza. Nilikuwa kama niliyekalia siafu. Njia niliyoijua ya kutia kitu kichwani ilikuwa ya chuoni, tulikojifunza herufi za Kiarabu kwa kuimba na kuyumba, ustadhi akigonga fimbo mkekani. Basi nikayatia maneno ya Mwalimu Hiza katika mahadhi yaleyale. *Abandon*, *to leave*, *desert*, *forsake*, navuta pumzi, *abundant*. Yakateremka vizuri kweli. Sentensi hazikuingia katika mahadhi, nikaziacha.

Mama alikuwa akinisikiliza alfajiri huku akimimina unga wa vitumbua kwenye chuma, harufu ya iliki imejaa uani. Kiingereza hakujua, lakini mahadhi aliyajua, na nilipokwama alisubiri, mkono umesimama hewani. Ila Lushoto ilipotajwa tu, uso wake ulibadilika. Mara aseme huko baridi inakata masikio. Mara sweta bado hajapata. Mara anigombeze kwa kikombe nilichoacha njiani. Mimi nikajua, kwa uhakika wa mtoto, kwamba hataki niende. Na kadiri usaili ulivyokaribia ndivyo nilivyozidi kuhangaika, sikai, silali, nazunguka ua kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikamlaumu yeye kwa hilo pia.

Siku ya usaili tuliitwa mmoja mmoja katika ukumbi mmoja mjini. Wazazi walikaa barazani, madirisha wazi. Nyuma ya meza alikuwa mama wa Kisambaa mwenye miwani na gauni la kitenge, na kando yake mwalimu mmoja kijana. Nikamwamkia, akaitikia "marahaba" kwa upole, kisha akasema, "Nieleze neno *reluctant*."

Nililijua! Wallahi nililijua. Lakini lilikuwa mbali huko, katikati ya R, na mimi sikuwahi kuingilia katikati. Nikafungua mdomo, ikatoka *abandon*.

"*Reluctant*," akarudia.

"Naomba nianzie mwanzo," nikasema.

Yule kijana akacheka. "Na utulie kwenye kiti," akaniambia, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza kuyumba. Nikatulia. Maneno yote yakakauka. Nilitazama dirishani nikaona ukaya wa mama, kichwa kimeinama, anasikiliza. Machozi yakaanza kunilenga.

Yule mama mwenye miwani akamtazama mwenzake, kisha akanitazama mimi. "Mwache ayumbe," akasema. "Anza unapopajua, mwanangu."

Nikaanza. Nikapita *anxious*, nikapita *grateful*, nikapita *obstinate*, mbele nyuma, na nje pale kile kichwa chenye ukaya nacho kikawa kinakwenda mbele na nyuma. Nikafika. *Reluctant*, *not willing*, *hesitant*, *unwilling*. Nikashusha pumzi.

"Sasa sentensi," akasema.

Hapo mahadhi yaliniishia. Nikasema kitu cha kwanza kilichonijia, kikavu, bila wimbo: "*My mother is reluctant to let me go.*"

Aliandika kitu, akanishukuru.

Tulipokuwa tunarudi mama alitembea upesi, buibui linapepea, nami namkimbilia. "Umesoma vizuri," akasema. "Ila pale mwisho ulipoacha kuimba, ulisemaje?"

"Nimesema unasita kuniacha niende."

Akasimama barabarani. Nilidhani atanigombeza. "Mimi? Nani aliyekuandikisha? Nani aliyekuwa akikuamsha?" Akanirekebisha mtandio kichwani, taratibu. "Sentensi nzuri. Ila mtu uliyemtaja siye."

Nilikasirika mpaka nyumbani. Nilichukuliwa, nikaenda, na sikuhitaji muda mrefu kule kwenye baridi, nikioga maji yanayouma mifupa, kujua kwamba mama alisema kweli. Mahangaiko yale hayakuwa yake. Aliyeogopa kuondoka uani pale nilikuwa mimi, na nilimvisha yeye woga wangu kwa kuwa ulinizidi kimo.

Kwa miaka mingi niliamini hadithi inaishia hapo. Mama amekwisha kwenda zake, Mungu amrehemu, nami nikawa napenda kuisimulia kama kichekesho.

Leo asubuhi binti yangu ametoka chumbani na simu yake. Amepata nafasi ya kusoma ng'ambo, nguo zake zimeshapangwa sebuleni, na mimi tangu juzi namgombeza kwa vikombe. Akaegemea mlango, akanitazama ninavyoyumba na mwiko wangu.

"Mama, kwani hutaki niende?"

"Mimi? Nani aliyekujazia fomu?" nikasema, nikageukia uji haraka, asinione uso. Ndipo nikajua kwamba siku ile ya usaili mtu niliyemtaja alikuwa ndiye. Tuliosita tulikuwa wawili, na mmoja wetu alikuwa pale barabarani akinirekebisha mtandio.