Seva ya Ipole Ilipojibu Salama

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa gauni la kuazima na viatu vilivyonibana, nikakalishwa mbele ya redio ya upepo katika chumba chenye dirisha dogo, hapa Tabora mjini. Shirika letu lilihudumia zahanati za vijijini, na redio ile ndiyo iliyokuwa njia pekee ya kujua zahanati ipi ina dawa gani. Kazi yangu ilikuwa kuita, kuuliza na kupokea jibu. Mkuu wa Kituo, mzee mwembamba aliyevaa sweta hata katika joto la mwezi wa kumi, alinivisha spika za masikioni na kunionyesha kitufe cha kubonyeza.

"Binti," akasema, "ita Ipole."

Nikaita. Muuguzi wa Ipole akaitika. Nikampa shikamoo, akaipokea, nikamuuliza habari za huko. "Salama," akasema. Nikashukuru na kutaka kumwita wa zahanati ya pili, lakini Mkuu alinishika mkono.

"Tulia kwanza. Mtu wa huku hakupi shida kabla hajakupa salama."

Tukangoja. Redio ikakoroma kidogo, halafu sauti ikarudi: "Salama, ila friji ya chanjo imezima tangu jana." Mkuu akacheka kwa jinsi nilivyokodoa macho. Mimi ni Mnyamwezi wa hapa hapa, nimekulia Kanyenye, na nyumbani kwetu hata kwenye msiba mgeni akiuliza habari huambiwa nzuri kwanza. Si uongo. Ni kumpa mtu nafasi akae, ashushe pumzi, ndipo umtwike. Nilikuwa naijua desturi hiyo tangu utoto, ila sikujua kwamba ni sehemu ya kazi.

Nilihamishwa mara kadhaa. Nzega nilikuwa chini ya Mratibu wa Dawa, mama mkali aliyeamini kwamba karani akitabasamu kazini basi kuna jambo analoficha. Ulyankulu nilipelekwa kusimamia kituo kidogo cha redio kati ya wakulima ambao wazee wao walitoka Burundi, watu wa sala na wa jembe, walionifundisha kula maharage bila kulalamika. Mabosi walibadilika, redio ikachakaa, simu za mkononi zikaja. Mimi niliendelea kuuliza swali lile lile: mna nini, na mmeishiwa nini.

Niliporudishwa Tabora nilikuwa na wajukuu tayari, na redio ilikuwa imewekwa stoo. Mahali pake palikuwa na kompyuta moja isiyozimwa, inayoitwa seva, na aliyeisimamia alikuwa kijana kutoka Dar es Salaam mwenye cheo cha Mhandisi wa Mifumo. Nilidhani atanipangia kupika chai. Badala yake alivuta kiti, akasema, "Mama, wewe ndiye unayezijua zahanati. Kaa nikufundishe JavaScript."

Nyie mliozaliwa na simu kiganjani mtanicheka, lakini nilijifunza kwa shida na kwa raha. JavaScript ni lugha ya kuiandikia kompyuta maagizo. Watu wengi huiona kwenye kurasa za mtandao, ikizungusha picha na kufungua menyu. Sisi tuliitumia upande wa seva, pale ambapo hakuna anayeangalia, na kazi yake kubwa ilikuwa kutuma maombi kwa kompyuta nyingine. Ombi lina anuani, yaani unamuuliza nani. Lina kitendo, yaani unaomba taarifa au unapeleka. Jibu nalo hurudi na vitu viwili vya maana: namba ya hali, na mwili wa jibu wenye maneno yenyewe. Namba mia mbili maana yake ombi limepokelewa vizuri. Mia nne na nne maana yake ulichokiuliza hakipo. Mia tano, mwenzako kaanguka.

Unaweza kuandika yote hayo kwa mkono, mstari kwa mstari, ukachoka. Au unaweza kuchukua maktaba, yaani furushi la maagizo ambayo mwingine ameshayaandika. Kuna maktaba nzito zinazokuja na jamaa zao wote, kila moja ikidai nyingine, na mtandao wetu wa wakati ule ungezipakua mpaka jua litue. Mhandisi alichagua nyepesi. Mimi nilimuunga mkono bila kuulizwa, maana babu zangu walibeba mizigo kutoka hapa hadi pwani, na hakuna hata mmoja aliyesifiwa kwa kubeba asichokihitaji. Maktaba ile unaipa anuani, unaiambia isubiri, inakwenda na kurudi na jibu. Haikupambii wala haikuhukumii. Inakuletea ilichopewa, na kazi ya kukisoma ni yako.

Tukamwajiri Kulwa, mtoto wa wafugaji wa Ziba, mpole kupita kiasi, mtu ambaye hupishana na kuku kwa heshima. Yeye aliandika programu za upande wa zahanati, zile za kujibu. Mhandisi aliandika ya upande wa Tabora, ile ya kuuliza. Mimi nilisimamia mawasiliano yote, na nilipeleka maombi yangu mwenyewe ya majaribio kila asubuhi nikiwa na kikombe cha chai.

Katika yote tuliyoyauliza, moja lilinikosesha raha: dawa ya sumu ya nyoka. Huku kwetu watu wanavuna tumbaku na kutundika mizinga ya nyuki porini, na nyoka nao wana makazi yao humo humo. Dawa hiyo ni ghali na adimu, huwezi kuiweka kila mahali. Mtu akiumwa, programu ya Tabora ilikuwa inauliza zahanati iliyo karibu naye kama dawa ipo, kisha inamwandikia dereva wa gari la wagonjwa aelekee wapi. Programu ikikosea, mgonjwa anapelekwa kusiko na dawa.

Mvua zilikuwa zimeshika siku Nyamizi alipoumwa na kifutu. Alikuwa mama wa makamo katika kitongoji kilicho kati ya Sikonge na Ipole, akichuma majani ya tumbaku, na nyoka alimpata kwenye mkono wa kulia. Simu ikapigwa. Programu ikaiuliza Ipole. Jibu likaja na mia mbili, na dereva akaandikiwa aelekee kusini. Walipofika Ipole, muuguzi aliwatazama kwa mshangao akasema, "Mbona tuliwajibu kwamba imekwisha?" Dereva akageuza gari kurudi kaskazini, kwenye tope, akapita naye tena kitongojini kwake, hadi Sikonge ambako nako dawa ilikuwa imekwisha, hadi Tabora. Nyamizi alipona. Mkono haukupona, madaktari waliukata chini ya kiwiko.

Nilipopata habari nilikaa mbele ya seva, nikaandika ombi lile lile kwa mkono wangu, na kuagiza jibu lote lionyeshwe kwenye kioo, namba na mwili. Namba: mia mbili. Mwili: "Salama. Ila dawa ya sumu ya nyoka imekwisha." Nilivua miwani, nikalia kama mtoto. Programu ya Tabora ilikuwa imesoma namba, ikaridhika, ikaondoka kabla ya kufika kwenye "ila".

Siku iliyofuata Mkurugenzi alituita ofisini kwake. Alikuwa mtu wa Igunga, mzito wa maneno, na mlango wake ulikuwa umefungwa, jambo ambalo si kawaida yake.

"Nataka kuelewa," akasema. "Kulwa, kwa nini uliandika mia mbili wakati dawa hakuna?"

Kulwa alikuwa akiangalia sakafu. "Mashine ya Ipole ilikuwa nzima, mzee. Ombi limefika, limepokelewa vizuri. Nimeulizwa habari, nikajibu salama, halafu nikasema shida. Nitamwanzaje mtu na shida?"

"Na wewe, Mhandisi?"

"Mimi kwetu namba ikisema sawa, ni sawa," Mhandisi akajibu. Kisha, na kwa hili nitamheshimu mpaka naingia kaburini, akaongeza: "Lakini mwili wa jibu ulikuwepo. Sikuusoma. Usimwandikie huyu barua ya onyo peke yake."

"Nikipiga simu nyumbani," Mkurugenzi akasema, "mama yangu akiniambia salama, huwa sikati. Nangoja. Kila mmoja humu ndani anangoja. Hakuna aliyewaza kuifundisha mashine kungoja." Hakumfukuza mtu. Aliagiza kila kitu kirekebishwe kabla ya mtu yeyote kwenda nyumbani kula.

Wale wawili walikaa meza moja, na mimi katikati yao nikiuliza maswali ya kijinga, ambayo mara nyingine ndiyo yanayotakiwa. Ipole ikaanza kutaja idadi ya dawa katika sehemu yake maalumu, kwa tarakimu, mbele ya maneno mengine yote. Tabora ikaanza kusoma mwili kwanza. Idadi ikikosekana, au jibu likichelewa kupita muda uliowekwa, programu isidhani ni salama, bali iseme haijui na impigie mtu simu. Marekebisho yenyewe yalikuwa mistari michache tu ya programu.

Huko kazini baadhi ya watu walimrushia Kulwa ule msemo wa mficha maradhi kifo humuumbua. Uliniudhi, kwa sababu Kulwa hakuficha kitu. Alisema yote, kwa mpangilio aliolelewa nao. Kilichomuuma zaidi ni jambo jingine: shirika lilimpelekea Nyamizi ofisa wa kumpa pole, na ofisa yule alimwambia kwamba siku ile mtandao ulisumbua. Kulwa alilisikia hilo akakonda. Aliniambia mara nyingi kwamba yule mama amepoteza mkono na bado hajaambiwa kwa nini. Alitaka kwenda, na kila mara miguu ilimgomea.

Nikastaafu. Nilipewa khanga, picha yenye fremu na hotuba ndefu iliyotaja sifa nyingine ambazo sizo zangu. Nimeshakaa nyumbani vya kutosha sasa kuweza kuwaambia nyie mnaoingia kwenye kazi hii kwamba kutuma ombi ni rahisi. Maktaba nyepesi itawafanyia hilo mkiwa mmesinzia. Ugumu uko kwenye kujua anayejibu ni nani, amelelewaje, na huwa anaiweka wapi habari mbaya. Hilo halipakuliwi kutoka popote, inabidi mwende mkakae na watu. Wapo watakaosema mashine hazina desturi. Wanaoziandika wanazo.

Siku moja Kulwa alibisha hodi kwangu Kanyenye akiwa amevaa shati la Jumapili. "Mama," akasema, "nipeleke kwa Nyamizi. Mimi peke yangu sitafika mlangoni." Kwetu mtu mwenye neno zito haendi bila mtu mzima wa kumtanguliza, kwa hiyo nilifunga khanga tukaondoka.

Tulimkuta uani, akianua mahindi kwenye jamvi kwa mkono mmoja. Tukaamkiana kwa urefu unaostahili, akatupa vigoda. Nikasema neno langu la kuwafungulia njia, kisha nikamwachia Kulwa. Alieleza yote, pale ombi lilipotoka, jibu lilivyorudi, na maneno aliyoyaandika yeye mwenyewe. Hakumtaja Mhandisi. Sauti yake ilikuwa ya chini hadi kuku walimzidi.

Nyamizi alisikiliza huku akipukuchua hindi lililobanwa kati ya magoti. "Kwa hiyo Ipole walisema imekwisha," akasema.

"Walisema."

"Na Tabora hawakusikia mpaka mwisho."

"Hawakusikia, mama."

"Mimi niliambiwa ni mtandao." Akatupa gunzi pembeni. "Sasa wakiuliza leo?"

"Leo inasoma yote. Nimeijaribu mwenyewe, na nitaendelea kuijaribu."

Alichukua hindi jingine, akalibana kati ya magoti. Kisha akasema, "Mtoto wa jirani aliumwa wakati wa kuvuna. Gari halikwenda Ipole kabisa, lilikwenda moja kwa moja Sikonge. Nikajiuliza, mbona huyu wamemjulia njia." Akamwangalia Kulwa usoni kwa mara ya kwanza. "Anacheza huko nyuma. Ana miguu yake yote."

Nyamizi akanyoosha kidole kwenye ndoo ya asali iliyokuwa kivulini.

"Nifungulie hiyo," akasema. "Mfuniko wake unataka mikono miwili."

Kulwa akainuka, akapiga magoti mbele ya ndoo, akaufungua mfuniko. Akabaki ameushikilia kifuani, asali ikimchuruzikia kwenye shati la Jumapili, machozi yakimtoka, mpaka Nyamizi akamwambia auweke chini, anawe, aje ale.